Hesabu za Epp

Jalada ni la majira ya baridi, mwaka wa kumi na moja wa karne iliyopita,
hospitali ya wenye wazimu, Tartu, wodi ya wanawake.
Taavet ndiye aliyeweza kuusoma mwandiko,
Kijerumani cha wino uliogeuka rangi ya chai:
Epp, mjakazi wa shambani, umri miaka ishirini na sita.
Hali. Halali. Ananyofoa nyuzi za blanketi.
Mchana kutwa anataja tarakimu zisizo na maana.

Na daktari yule alikuwa mtu makini:
aliziandika zote, kurasa kumi na moja,
kama mtu anayehesabu matone ya paa linalovuja
asiwaze kwamba juu kuna mvua.

Mimi ni daktari wa akili. Nilikuwa na jibu
kabla ya kumaliza ukurasa wa pili.
Ugonjwa huo una jina, una msimbo,
herufi moja na namba mbili,
nikauandika pembeni kwa penseli.
Ruzuku yetu ilikuwa ya miaka miwili
na majalada mia tatu yalikuwa yakingoja.

Leelo hakuwa amesema neno tangu asubuhi.
Yeye ni wa idara ya historia, huchunguza mavazi;
kwenye vikao vyetu hata chai husahaulika kumfikia.
Aliuinamia ukurasa, vidole vikicheza mezani.
"Soma tena," alisema. "Polepole. Usisome kama daktari."

Tatu, moja, tatu, moja.
Mbili, mbili, moja, mbili, mbili.

"Nyeupe tatu," akasema Leelo. "Nyeusi moja."

Jumatatu akaja na sindano tano za chuma
na sufu inayonuka zizi.
Taavet akisoma, yeye akifuma,
mzunguko juu ya mzunguko,
mimi nikijifanya nina barua za kujibu.
Ilipofika saa kumi giza la Desemba lilikuwa limeziba dirisha
na glavu ilikuwa imeanza kutokeza:
ukingo wa meno ya msumeno,
juu yake nyota ndogo za ncha nane.

Niliijaribu. Viliingia vidole vitatu.
Ilikuwa ya mtoto.

Fumbo mfumbie mjinga, husemwa, mwerevu ataling'amua.
Hapa mwerevu alikuwa na shahada mbili na kalamu nzuri.
Wala hapakuwa na fumbo.
Epp alikuwa anafuma tu,
bila uzi, bila sindano, kwa mdomo,
asije akasahau.

Mtoto gani? Jalada halisemi.
Fomu haikuwa na swali hilo.
Taavet amepekua vitabu vya ubatizo, patupu.

Sisemi kwamba hakuwa mgonjwa.
Asiyelala siku tisa ni mgonjwa,
hata hesabu zake zikiwa sahihi.
Tulibishana juu ya hilo, mimi na Leelo,
hadi mlinzi akatuzimia taa za ukumbi.
Yeye anasema: huzuni. Mimi nasema: huzuni pia inaua.
Tukashuka ngazi gizani, kila mmoja ameshika ukuta wake.

Siku ya kumi na mbili:
Amepewa bromidi. Ametulia. Hahesabu tena.
Mwandiko hapo umenyooka, karibu una furaha.
Na glavu imekomea hapo hapo,
kabla ya kidole gumba,
vitanzi arobaini na vinne viko wazi.

Mhariri wa jarida ameuliza sampuli ni ya watu wangapi.
Nimeandika: mmoja.
Nikafuta, nikaandika: wawili,
nikafuta tena.

Leelo amekataa kuifunga, amekataa kuimaliza.
Iko ofisini kwangu, droo ya juu,
sindano zake zote bado zimo.
Kila nikipapasa kutafuta stepla
inanichoma.